Marahaba ya Shangazi

Katika maabara yetu ya eksirei, Shangazi akibana pumzi, sote tulibana. Kazi yake ilikuwa kusimamisha vitu vidogo kupindukia, mguu wa mbu, mbegu ya nyasi, kwenye ncha ya pini iliyopakwa gundi. Mashine huizungusha pini, na kitu kikiyumba hata kidogo, picha inakuwa uji. Alitumia unywele wa kope yake mwenyewe, alioubandika kwenye njiti. Barakoa hakuitaka, ilimtia ukungu kwenye lenzi. Aliyethubutu kukohoa alipewa vidonge vyake.

Jina la Shangazi lilitokana na binti wa kaka yake. Alimlea, akamwombea kazi kwetu, akamfundisha kushika kibano. Adabu alikuwa amemfundisha zamani, kwa makofi. Mkubwa asiposalimiwa, nyumba ile ilikuwa haikaliki.

Kisha mkuu wa maabara akatangaza kwamba kwenye kazi ile ya pini kiti kitabaki kimoja. Mikono ya Shangazi ilishaanza kutetemeka, na kila mtu aliliona hilo. Basi atasimamisha bawa la mdudu, la pekee tulilokuwa nalo, mkuu akitazama. Akiweza, kiti ni chake na binti arudi nyumbani. Akishindwa, kiti cha binti, yeye akaoshe vioo.

Siku ilipofika, mkono ulitulia, wallahi. Bawa likasimama wima, gundi bado mbichi. Mlango ukafunguliwa, binti akaingia.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba," akajibu, kabla hajajua kwamba amejibu.

Bawa likapeperuka. Tulitambaa sakafuni kulitafuta, mpaka mkuu alipoinua mguu na kulikuta limesagika chini ya kiatu chake.

"Mwanangu, hukuona nimebana pumzi?"

"Nimekusalimia tu, Shangazi. Ningenyamaza si ungeninunia?"

Alisema kwa upole, macho chini. Nilimchukia pale pale, na bado namchukia. Lakini utamshtaki vipi mtu kwa salamu?

Siku hizi Shangazi anaosha vioo. Asubuhi huingia na ndoo yake na kumkuta binti ameinamia lenzi. Binti hageuki, hasalimu. Huinua kidole kimoja tu, kwamba kimya. Shangazi husimama hapo mlangoni, ndoo mkononi, akingoja shikamoo yake.

Nasi sote tunabana pumzi pamoja na binti.