Mpima vipodozi wa mjini Wote anayeitafuta rangi ya dadake

Jua la asubuhi limeshafika kwenye kizingiti cha duka, na Muthoki Kimeu anamvuta mteja wake nje kwa mkono, kama mtu anayemtoa mbuzi kwenye shamba la jirani. Mteja huyo, Kaveke, karani katika ofisi moja mjini Wote aliyerudi kununua rangi yake tena, anajikaza kwenye fremu ya mlango. Amejifunga kitambaa kichwani, nusu ya uso imepakwa masalio ya rangi hiyo na nusu haijaguswa, na ng'ambo ya barabara vijana wa bodaboda wameshaanza kugeuza shingo.

"Hapa nje watu wataniona, Muthoki!"

"Si ndio tunataka? Kwani ukienda kazini utakaa ndani ya kabati?"

Kaveke anakubali yaishe. Muthoki anamkalisha kwenye stuli, anamgeuza uso kuelekea kwenye mwanga, kisha anamchora mistari mitatu midogo ya faundesheni, ile rangi ya majimaji inayopakwa uso mzima. Anaanzia kwenye taya na kushuka shingoni. Anarudi nyuma, anakunja jicho moja. Mstari wa kwanza umekaa kama majivu. Wa pili una wekundu wa matofali. Wa tatu hauonekani kabisa; umeingia kwenye ngozi ukapotea.

"Hiyo ya kupotea bado ndiyo yako," anatangaza.

Anaipaka nusu iliyobaki, anaisambaza kwa sponji yenye unyevu, anagusa nyusi kidogo kwa wanja na kumpa kioo. Mwendesha boda mmoja anashindwa kuvumilia. "Mama, si umpake sasa!" anapaza sauti. Muthoki anacheka hadi anashika kiuno. Katika kazi yake, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Kaveke hacheki. Anakiinamisha kioo mpaka aione shingo.

"Nyumbani niko na chupa nne nilizonunua kabla nikujue," anasema. "Moja nilipima kwa mkono. Ingine niliona imekubali rafiki yangu. Ingine muuzaji aliniapia ni yangu. Zote zimekaa tu kwa dirisha, zinaniangalia."

Muthoki, mwenye umri wa miaka 38, amesikia habari za chupa za dirishani mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Kosa kubwa la wanawake wa huku, anasema, ni kuuamini mkono.

"Mkono wa mtu wa Ukambani umeshika jembe, umefua, umechomwa na jua tangu utotoni. Uso ulikuwa chini ya kofia. Sasa unapima mkono, unaenda kupaka uso, halafu unashangaa kwa nini unakaa mtu ametoka kusaga unga." Kosa la pili ni taa za dukani, ambazo humfanya kila mtu apendeze hadi atoke nje. Ndiyo maana hampimi mtu ndani, hata awe nani.

Lakini wanaomfuata hapa hawafuati mwanga peke yake. Wanafuata bei. Chupa nzuri ya faundesheni humgharimu Muthoki takriban Sh1,800, pesa ambazo mkulima au mama wa sokoni hawezi kuzitoa kwa ajili ya uso. Kwa hivyo hauzi chupa nzima. Anaigawa mara nne kwa bomba la sindano, katika vichupa alivyovichemsha, na kila kichupa kinauzwa Sh550.

Kuna sharti moja. Chupa haifunguliwi hadi wapatikane wanawake wanne wenye rangi moja.

Hapo ndipo kichwa cha Muthoki kinapofanya kazi. Anazikumbuka taya za watu kama wengine wanavyokumbuka namba za simu. Kaveke, kwa mfano, anagawana chupa na muuza ndengu wa sokoni, muuguzi mmoja, na mkulima wa maembe wa Mbooni ambaye hajawahi kumtia machoni. Wateja wenyewe huitana mapacha.

"Unajua ni raha?" asema Kaveke, ambaye sasa amelegea na anajigeuza kwenye kioo upande huu na huu. "Siku moja mama fulani alinisimamisha sokoni akaniangalia shingo. Akaniambia, 'Wewe ni pacha yangu, nimekujua!' Tukakumbatiana na hatujuani hata majina."

Faida si ya kujivunia. Agosti na Desemba, wakati wa harusi, Muthoki hubaki na kama Sh15,000 kwa mwezi baada ya kulipia chumba. Januari, wazazi wakiwa wanahangaika na karo, kuna siku anafungua duka na kulifunga bila kupima hata tone.

Wateja wake waaminifu zaidi ni wale ambao mtu hangewatarajia. Ni akina mama wa makanisa yanayokataza kujipamba. Huja mmoja mmoja, wakati wa joto kali la mchana ambapo barabara haina watu, na wao tu ndio anaowahurumia akawapimia nyuma ya duka, kwenye ua wazi. Mmoja wao, kiongozi wa kwaya anayekaribia miaka sitini, alikuja na maagizo yake kamili.

"Aliniambia, 'Nipake, lakini nisiwe nimepakwa.' Nikamwambia, mwaitu, hiyo ndiyo kazi yangu," Muthoki anasimulia, akimtaja mama huyo kwa heshima ya Kikamba. "Aliimba Jumapili yote, na mchungaji akamwambia wokovu umemkubali."

Anacheka tena, kisha kicheko kinamwishia njiani. Anaanza kupangusa kioo ambacho hakina vumbi. Kwa maana kuna mama mmoja wa kanisa la namna hiyo ambaye Muthoki amemngoja miaka yote, na huyo hajawahi kuja.

Wazo la kugawa chupa halikuwa la Muthoki. Lilikuwa la Mbula, dadake mkubwa.

Walilelewa kwenye milima ya Mbooni, katika kitanda kimoja, wakipokezana sweta moja. Walipishana mwaka mmoja tu, na walikuwa na rangi moja kiasi kwamba mama yao akiona mkono umetoka nje ya blanketi asubuhi, aliita majina yote mawili ili asikosee. Walipomaliza shule waliuza parachichi msimu mzima, wakanunua chupa ya faundesheni mjini Machakos. Mbula akachemsha kikopo kilichoisha mafuta ya kujipaka, akakianika juani, akamimina nusu.

"Akaniambia, 'Hii ni yako, hii ni yangu, na hakuna mtu ataomba mwenzake.' Kesho yake alikuja kuniomba," asema Muthoki, na safari hii anajifuta macho.

Siku hizi Mbula anaishi karibu na Tulia, katika kaunti jirani ya Kitui. Mumewe, Kitheka, ni mchungaji wa kanisa dogo ambalo wanawake wake hawapaki chochote usoni, na yeye ndiye Mama Pasta. Alipookoka, kabla ya harusi, alimrudishia Muthoki kikopo kikiwa bado na rangi. Hakuhubiri wala hakulaumu. Alisema tu, "Malizia."

Hawajawahi kugombana. Hilo ndilo linalomuuma Muthoki zaidi.

"Kitheka ni mtu mzuri. Nimemtafutia makosa mpaka nikachoka. Angekuwa mtu mbaya, ningekuwa na mtu wa kukasirikia."

Huzungumza kwa simu jioni za Jumapili. Wanaongea kuhusu mvua, goti la mama yao, watoto, bei ya mahindi. Duka halitajwi. Mbula haulizi, Muthoki hasemi, na simu ikikatika kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Muthoki anasema kuna jioni ambazo hukaa ameishika simu hiyo hadi uji unafurika jikoni.

Lakini mazoea hayakufa. Kila anapofungua chupa ya rangi yake mwenyewe, Muthoki hupima nusu, akaitia kwenye kichupa na kukiweka kwenye rafu ya juu. Wateja wakikiulizia, huwajibu kwa mkato: "Hiyo iko na mwenyewe." Baada ya mwaka hivi rangi hujitenga na mafuta, ikaanza kunuka, naye huimwaga na kupima nyingine. Mwanamke huyu anayewagombeza wenzake kwa kupoteza pesa hupoteza za kwake hapo bila kukosa, na anajua.

"Nilijiambia, siku atakuja, asikute sina yake."

Agosti iliyopita yeye ndiye aliyekwenda. Kanisa la Kitheka lilikuwa na ibada ya kushukuru kwa ajili ya paa jipya, na Muthoki alialikwa kama ndugu wa familia. Alinawa uso ukabaki mtupu, akavaa rinda refu na kuketi kando ya dirisha. Mbula aliposimama kuongoza wimbo, mwanga ulimwangukia usoni, na Muthoki akafanya jambo ambalo anaona haya kulisimulia. Alimkagua.

Macho yake yamezoea kutafuta mahali rangi inapojificha: pembeni mwa pua, kwenye ukingo wa nywele, chini ya sikio. Amewagundua wake za watu wakubwa kwa njia hiyo, na hajawahi kumtaja mtu. Wimbo ukaenda beti zote yeye akitafuta kwenye uso wa dadake.

"Nilitafuta hata kidogo. Hata poda tu. Hata ile mtu anaweka asubuhi halafu anaomba msamaha." Anatikisa kichwa. "Hakuna kitu. Ni yeye tu, vile Mungu alimuumba. Na alikuwa amependeza, aki. Hiyo ndiyo ilinimaliza."

Baada ya ibada, Mbula alimshika mkono akamtoa pembeni, wakasimama juani. Kama walivyozoea wakiwa watoto, akaweka mkono wake kando ya ule wa Muthoki. Kisha akacheka.

"Ai, Muthoki! Siku hizi wewe ni mtu wa kivuli."

Alikuwa akitania. Lakini mtu wa kazi ya Muthoki hawezi kuona rangi mbili akazichukulia kuwa moja. Jua la Tulia, kupalilia, kuchota maji na kuanika nafaka vilikuwa vimemkoleza Mbula. Yeye alikuwa amekaa miaka chini ya mabati ya duka. Kila nusu aliyoiweka kwenye rafu na kuimwaga, tangu siku asiyoijua, ilikuwa rangi ya Muthoki peke yake. Mbula hakuwa ndani yake tena.

Aliporudi Wote alijaribu kuichanganya rangi mpya ya dadake kwa kumbukumbu. Alitia tone jeusi zaidi, akaongeza tone lenye umanjano, akatoka nje kuitazama, akarudi ndani, akatoka tena. Ilikuwa kazi bure.

"Rangi ya mtu huwezi kukumbuka. Unafaa umwone. Mimi ndiye huwaambia watu hivyo kila siku, na hapo nilikuwa nachanganya kama mwendawazimu. Nililia kama nimefiwa."

Miezi miwili hivi baadaye, mvua za vuli zilipoanza na Mbula akamwambia kwa simu kwamba wamepanda ndengu ekari mbili, Muthoki alijisikia akisema neno ambalo hakuwa amelipanga. Alimwambia atakwenda kumsaidia kuvuna.

Mbula akauliza: "Na duka utaachia nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja.

"Nitafunga."

"Basi kuja. Lakini ubebe kofia, jua ya huku utajua haujui."

"Sitaki kofia."

Mbula alicheka, na Muthoki anasema kilikuwa kile kicheko cha chini ya blanketi, ambacho mama yao alikuwa akikizima kwa kugonga ukuta. Hakuwa amekisikia kwa miaka.

Sasa ndengu za Tulia zimeshatoa maua, na Muthoki anahesabu wateja wa Desemba ili kodi ya Januari ipatikane kabla ya kufunga. Mumewe, Mwangangi, fundi wa ujenzi ambaye jua si geni kwake, anamwona kama aliyepatwa na kitu. "Watu wananunua miavuli, wewe unatafuta kuungua kwa hiari," anamtania.

Mbula hajaambiwa sababu, na Muthoki hana mpango wa kumwambia. Anataka tu wainame shambani bega kwa bega, jua liwapige sawasawa, mpaka wakiweka mikono pamoja isijulikane tena ni ya nani.

"Yeye asijipake, ni sawa. Simlazimishi, na siombi abadilike," asema. "Lakini nikirudi hapa Februari, nitatoka nje nijipime mimi mwenyewe. Ile rangi itapotea kwangu, ndiyo ingepotea kwake. Hiyo nitajipaka kila asubuhi."

Mteja mwingine amefika na anasimama mlangoni. Muthoki anamwashiria angoje kidogo, na sauti inapomtoka imeshuka.

"Niko na hamu na yeye sana. Angalau nikiangalia kioo, nimuone."