Fundi wa Barakoa

Jina lake hatulijui. Sisi tunaotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale tunamwita fundi tu. Kazi yake, katika chumba cha mionzi hapa Mbarara, ni kulainisha plastiki yenye vitundu kwenye maji ya moto na kuifinyanga juu ya uso wa mgonjwa mpaka igande kuwa barakoa, ili kichwa kisicheze mashine ikiwashwa. Kwanza huigusisha shavuni mwake mwenyewe kupima joto, macho kayafumba kama mtu anayetaka kusinzia hapo hapo. Sauti yake imechoka, na maneno yake ni yale yale kwa kila mtu: "Usiogope. Ukimaliza, utabeba hii nyumbani."

Dada yangu Mukashema alibeba yake kweli. Uvimbe uliporudi kichwani, madaktari wakamwingiza kwenye jaribio la vidonge pamoja na mionzi, ambalo wao wenyewe hawajui litafika wapi. Akaja na barakoa ya zamani, akidhani itatumika tena. "Kule kambini, Misiera, nilikuwa nafunikia nayo bitoto bya kuku," alisema, "lakini nimeiosha." Fundi akaijaribu. Dawa zilikuwa zimeuvimbisha uso wa dada, haikuingia.

"Hii imezeeka," fundi akasema. "Tunafanya ingine."

Akaigusisha mpya shavuni mwake. "Usiogope," akasema. Mukashema alingoja yale maneno mengine. Hayakuja.

"Na hii nayo, nitaibeba nyumbani?"

Fundi akaichukua ile ya zamani, akaipangusa kwa koti lake, akamwekea mikononi.

"Beba hii kwanza, mama. Kuku zako zinangoja."