Chembe ya Hamri

Basi la kutoka Kitale hadi Mombasa lilisimama mara nyingi, na karibu kila mara lilisimama kwa ajili yangu. Tukiacha mji mmoja tu, mimi huyo kwa dereva, naomba kwenda haja ndogo. Tulipofika Mtito Andei mama aliyekaa nyuma yangu akasema, "Baba, wewe ungechimbiwa bomba." Nilicheka na wenzangu. Sikujua ule ulikuwa ugonjwa unanisalimu barabarani.

Nilikuwa narudi baada ya miaka mingi ya kuhamahama. Baba yangu alifanya kazi ya reli, nami nililelewa kisiwani hadi darasa la tano. Kila mji nilioishi baadaye niliulaumu kwa kukosa mahamri ya Mji wa Kale. Basi nikapanga chumba hatua kumi kutoka kwa mama anayeyakaanga. Mwezi wa pili nikaanguka mlangoni pake. Zahanati ikaniambia nina sukari.

Muuguzi akaniingiza katika kundi la wasapu la wagonjwa wa sukari. Desturi yao ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kutia kitu kinywani, kila mtu hutuma picha ya mashine yake ya kupimia. Aliyepanda hutaniwa kwanza, kisha huombewa dua. Msimamizi alikuwa mzee wa Mbaraki, mstaafu wa bandari. Nilipotuma kumi na saba aliandika, "Huyu si mgonjwa, ni kiwanda. Tumletee magunia?"

Iliniuma. Nikajizuia wiki nzima, nikapata tano nukta nane, nikapiga picha. Mashallah zikamiminika. Kesho yake nikarudi kwa mahamri na mbaazi, ila picha nikatuma ile ile. Na kesho kutwa. Walipouliza siri yangu nilijibu maji ya mdalasini, kwa sababu kopo la mdalasini ndilo lililokuwa mbele ya macho yangu. Nikaanza kutuma na mawaidha ya sauti, nikikohoa kwanza kama shehe.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa mama mmoja anayepinda leso Biashara Street. Siku moja akatuma sauti: "Mwanangu, Mungu akulipe. Vidonge nimeviweka kando, nanywa mdalasini wako." Ikafuata picha ya kidole chake cha mguu. Kilikuwa cheusi.

Ningependa kusema nilikurupuka papo hapo. La. Kwa nusu saa niliandika na kufuta, nikipima jina langu na kidole cha mtu, na jina likishinda. Hatimaye nikarekodi: "Mama, picha yangu ni ya zamani. Leo nina kumi na tisa na nimekula mahamri manne. Rudia dawa. Nakuja tuende hospitali."

Kisha mzee wa Mbaraki akaandika: "Sisi twajua. Hiyo chembe ya hamri kando ya mashine yako yatimiza wiki ya tatu hapo. Kwani kwenu hakuna sisimizi? Twacheka tu, tukadhani kila mtu ameiona." Mama yule macho yake yalikuwa yameshaguswa na sukari. Alipinda leso kwa kupapasa. Namba kubwa aliziona, chembe hakuiona.

Nilimkuta dukani, nikampakia kwenye tuktuk. Akanikodolea macho kwa karibu. "Ndiwe wewe? Kwa vipimo vile nalidhani u mwembamba."

Kidole kilikatwa. Mguu ukabaki. Kila nilipomtembelea aliniuliza kwanza nimekula nini, na harufu ya mafuta ya kukaangia kwenye shati langu ilimjibu kabla yangu. Nikaona chumba cha hatua kumi kitaniua, nikakirudisha kwa mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka Mombasa, nikiwa nimekaa ndani ya basi sijala kitu, nilipima na kumtumia mama wa leso picha. Akanipigia simu.

"Picha zako sizitaki tena, mwanangu. Isome kwa mdomo wako."

"Kumi na mbili, mama."

"Sikusikii."

"Kumi na mbili!" Basi zima likageuka. Nikainuka, nikamwomba dereva asing'oe gari kwanza, niende haja ndogo.