Meli Ina Milango Mingapi

Wazo la kufunga ndoa melini lilikuwa langu, na sitaki kumsingizia mtu. Ndugu wa mchumba wangu walitaka harusi ifanyike Ipinda, kanisani kwao, kisha ukumbini. Ndugu zangu wa ufukweni, watu wa samaki na vyungu, walitaka Matema. Kila upande ulikuwa na sababu zake na hakuna aliyekuwa tayari kulegeza. Kwenye kikao kimoja nilichoka kusikiliza, nikasema basi tukodi meli pale Itungi, tuzunguke nayo mpaka Matema na kurudi, mchungaji atufungishe ndoa katikati ya ziwa ambako si kwa mtu yeyote. Nilisema kwa hasira. Watu wakapiga makofi.

Wakalipenda jambo lile kuliko nilivyolipenda mimi mwenyewe. Kamati ikazaa kamati. Walikuwepo wa chakula, waliobishana kama wali upikwe nchi kavu au kwenye jiko la melini. Walikuwepo wa usalama, waliotaka kila mgeni avae boya juu ya suti yake. Mshereheshaji alitaka nishuke ngazi kutoka chumba cha nahodha huku nikicheza, hatua mbili mbele na moja nyuma. Mjomba wangu alianza kuiita meli ya kitalii, na nusura jina hilo liingie kwenye kadi za mwaliko. Tulizungumzia upepo, tukazungumzia watakaotapika, tukazungumzia keki itafungwa na nini isianguke. Tulidhani tumemaliza.

Baba mkwe wangu nilimfahamu kabla ya kumfahamu mwanawe. Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kakao Ipinda, naye alileta magunia yake kwa baiskeli, akiisukuma badala ya kuipanda kwa sababu nyonga ilikuwa imeanza kumsumbua. Alikuwa mzee mrefu, aliyefiwa na mkewe, mwenye utani usiokwisha.

"Ninyi wa ziwani mmezoea kupima dagaa kwa kisado," alikuwa akiniambia. "Kakao mtaiweza wapi?"

Nami nilimjibu kwamba mtu anayekula ndizi asubuhi, mchana na jioni hana haki ya kumcheka mwenzake. Alicheka mpaka akajishika kwenye mizani, na ikabidi nipime upya. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, hata sauti yake siikumbuki. Kwa miaka mitatu mzee huyu ndiye aliyekuwa mtu mzima pekee pale mjini aliyeniuliza kama nimekula. Siku moja akasema ana kijana wake mmoja tu, mwalimu, na kwamba ni mpole mno, anahitaji mtu mwenye mdomo. Nikamwambia amlete nimpime. Akamleta.

Kisha ng'ombe wakapelekwa kwetu, wazee wakakubaliana, na kuanzia siku hiyo hakuongea nami tena.

Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mkamwana na baba mkwe huogopana. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha, hata ikibidi kuingia migombani. Wengi siku hizi wamelegeza, hasa waliokaa mijini. Yeye hakulegeza. Magunia yake yakaanza kuletwa na dada yake. Habari za desturi hiyo nilizisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuwaza kwamba ingeninyang'anya mtu. Niliumia, na mimi nikiumia huwa nakasirika. Nikajiambia kwamba mzee ameshapata alichokitaka, sasa ananiona mtoto wa wafinyanzi tu.

Dada yake huyo, shangazi wa mchumba wangu, ndiye aliyetuumbua. Alikuja kwenye kikao cha mwisho kutoka Ndandalo, akaketi karibu na mlango, akasikiliza yote. Mwenyekiti alipouliza kama kuna la ziada, akanyoosha mkono.

"Ndaga fijo kwa kazi yenu," alisema. "Mwanangu, meli hiyo ina milango mingapi?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Nikasema ina daraja moja la kupandia na sitaha moja ya abiria.

"Kanisani kuna mlango wa ubavuni," akasema. "Kaka yangu angeingia mapema akakaa pembeni, na wewe ungepita umefunikwa shela yako. Huko majini mkikutana, atapishia wapi? Arukie ziwani?"

Hakuna aliyecheka. Watu wazima zaidi ya ishirini, nusu yao Wanyakyusa wa kuzaliwa, tulikuwa tumepanga mpaka kamba ya kufungia keki, na hakuna aliyemkumbuka baba wa bwana harusi. Nilimgeukia mchumba wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Kumbe yeye alikumbuka tangu mwanzo, akaogopa kuniambia kwa sababu aliniona nimefurahi. Shangazi akamalizia kwamba mzee amesema tusijisumbue, yeye atatusubiri gatini Itungi mpaka turudi. Mwanawe wa pekee aoe, yeye abaki nchi kavu akilinda mabegi ya watu. Nilitoka kwenye kikao kile bila kuaga.

Kesho yake nikafanya kosa kubwa zaidi. Nilikwenda kwake. Nilitaka aniambie kwa kinywa chake, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilimkuta uani, ameinama, anageuza kakao iliyoanikwa kwenye mkeka. Nikasema "Ugonile, baba," kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimsalimu ghalani.

Aliinua uso, akaniona, akautupa ubao wa kugeuzia. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, upande niliosimama mimi, kwa hiyo hakuichukua. Alikwenda bila fimbo, akishika mgomba mmoja baada ya mwingine, nyonga ikimvuta upande, mpaka akapotelea kwenye mikakao. Sijawahi kumkimbiza mtu katika maisha yangu, lakini siku ile nilimkimbiza mzee kutoka uani kwake. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka. Niliona aibu.

Shangazi alikuwa jikoni. Alinipa kigoda nikae, akaipeleka fimbo mikakaoni, akarudi.

"Unadhani anakudharau," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Msichana asiyemhusu angemkaribisha. Angempa kiti, angepiga naye soga mpaka jua lizame. Wewe ndiye anayekupisha. Mama yake mchumba wako naye alipishwa na baba yetu hivyohivyo mpaka baba akafa, na siku ya msiba yeye ndiye aliyelia kutushinda sisi watoto." Akachochea moto. "Ile mizani anaisema kila siku. Anasema wewe ulikuwa unamchekesha. Unafikiri haimuumi?"

Nililia pale jikoni, nikasingizia moshi. Kisha nikasema basi, meli tunaiacha. Tutafunga ndoa kanisani kwao, ufukweni kwetu watanisamehe siku wakipenda. Nilikuwa namaanisha. Kuolewa na mwanawe huku yeye ameachwa gatini nilikuwa siwezi.

Shangazi alimfikishia. Jibu lilirudi siku ya tatu. Mzee alisema mkamwana wake ameshatamka mbele ya watu, na hataki awe yeye wa kulirudisha neno lake. Atapanda. Tumtafutie tu mahali.

Kazi hiyo waliichukua wanawake, wa kwao na wa kwetu pamoja. Walikusanya vitenge, kila mmoja akatoa chake, wakaviunga kwa mkono siku mbili nzima barazani kwa shangazi. Kipande kilikuwa na upana wa sitaha. Wakakitundika nyuma, karibu na tezi, na huko nyuma wakaweka kiti kimoja. Mzee alipanda saa moja asubuhi, kabla hata ya wapiga spika. Mimi nilipanda saa tatu. Nikaambiwa yupo. Nilipita na shela yangu bila kugeuza kichwa, sikucheza hatua hata moja, na mshereheshaji akanuna.

Tuliondoka Itungi ziwa likiwa shwari. Tulipofika mbali kidogo, milima ya Livingstone ikiwa imesimama upande wa Matema, nahodha akapunguza mwendo na mchungaji akafungua kitabu chake. Wageni walikuwa wameketi kwenye mabenchi, wengine na maboya yao. Mimi na mchumba wangu tulisimama tukitazama nyuma, kwenye vitenge.

Hapo ndipo upepo wa mwera ulipoanza. Kwanza ulivijaza vitenge mpaka vikavimba. Wanawake wawili wakainuka kuvishika, lakini walichelewa. Kona moja ilichomoka kwenye kamba, na pazia lote likapanda juu.

Nilipaswa kufumba macho. Sikufumba.

Alikuwa amekaa ametupa mgongo. Kiti alikigeuza mwenyewe, kikaelekea majini, ili hata kitambaa kikianguka nisije nikaaibika mbele ya watu. Alikuwa amevaa suti mpya ya kijivu, lebo ya dukani bado imeshonwa kwenye mkono. Alikuwa amekuja kwenye ndoa ya mwanawe wa pekee, na kuanzia saa moja asubuhi alichokuwa anakitazama ni maji. Wanawake wakalishika pazia, wakalirudisha chini. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuhesabu mpaka kumi.

Mchungaji akaniuliza kama ninamkubali mwanaume huyu. Niliitika kwa sauti ya ghalani, sauti ya kuita namba za magunia mashine ikinguruma. Watu wakacheka, wakasema bibi harusi ana haraka. Mchumba wangu peke yake hakucheka, kwa sababu alijua ninaongea na nani.

Upepo ukavuta tena ukingo wa vitenge, kidogo tu safari hii. Mzee alikuwa amesimama. Fimbo ilikuwa sakafuni, ameshika chuma cha ukingo wa meli kwa mikono miwili, na nyonga ile ilikuwa inamtetemesha mguu. Shangazi akanong'ona kwamba akae, atachoka. Hakukaa. Alisimama vilevile, ametupa mgongo, mpaka mchungaji aliposema amina.