Paka wa Mama Pini na Soksi za Fundi Bomba

Mama Pini alikuwa amewachoka binadamu wote. Jina alilipata kwa kubana pini mdomoni akishona, na hata alipozitoa, maneno yake yaliendelea kuchoma. Wanaume waliokuja kupimwa suruali walivuta matumbo ndani, naye akawasubiri na utepe mkononi. "Pumua, baba. Suruali utaivaa ukiwa hai." Tangu mumewe amkimbie na mteja wake wa kike, watu kwake si lolote si chochote.

Kiumbe pekee ambaye Mama Pini alimheshimu alikuwa paka wake wa kijivu, ambaye hakumsogelea mtu. "Huyu anajua watu," alimwambia mdogo wake. "Akimkataa mtu, na mimi namkataa." Hebu fikiria: mwanamke anayeitoa kasoro dunia nzima, halafu uhakimu anampa mnyama anayejilamba mkia!

Ndipo akaja fundi bomba, mwanamume mpole aliyefiwa na mkewe, kuziba bomba la sinki. Alivua mabuti yake ya mpira mlangoni, na paka akamvamia miguu. Akasugua mashavu kwenye soksi, akazilamba, akagaagaa sakafuni macho yamemlegea kama mlevi. Mama Pini aliduwaa, mkasi ukamdondoka.

Tangu siku hiyo bomba lile halikuisha ugonjwa. Fundi alipita kila akitoka kazini, akanywa chai, paka miguuni, na Mama Pini akaanza kucheka kwa sauti mpaka majirani wakashangaa. Mwisho akajikaza. "Jumapili njoo, fundi, tuongee mambo ya maana."

Jumapili fundi alikuja ameoga, soksi mpya, viatu vinang'aa. Paka alimnusa mara moja tu, akamgeuzia mgongo, akaenda kulala chini ya cherehani.

Uso wa Mama Pini ukamshuka. "Umefanya nini wewe?"

"Mimi? Nimefanya nini tena?"

"Paka amekukataa. Kuna jambo amelijua."

Fundi akacheka, maskini, akidhani ni utani. "Mama, hakuwa ananipenda mimi. Nashinda ndani ya mabuti nikisafisha matangi ya maji kwa klorini. Jasho likichanganyika na dawa ile, paka wanapagawa. Leo nimeoga kwa ajili yako."

"Na siku zote ulijua?"

"Mtaa mzima unajua. Huyu wako hulamba hata tambara la kudekia la jirani, kwa dawa hiyo hiyo."

Hapo ndipo alipoharibu. Mtaa mzima! Yeye aliyecheka matumbo ya watu, kumbe alikuwa akichaguliwa mchumba na uvundo wa soksi. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na aibu yake ilijua kutoka kwa njia moja tu.

"Basi kachumbie hilo tambara, mkapendwe wote wawili."

Fundi akainuka taratibu. Mlangoni akasimama, mkono kwenye kitasa, akamtazama. Alikuwa akingoja neno moja, na Mama Pini alilijua: kaa. Lilikuwa ulimini. Alimtaka mtu yule, alimtaka hata bila paka, na ndiyo kwanza alikuwa akilitambua hilo.

"Funga mlango," akasema, "paka asitoke."

Fundi akaufunga, kwa nje.