Mstari Uliogeuzwa

Ofisini walimwita Jicho, kwa sababu alikuwa anasimama mlangoni tu, anaitupia macho karatasi ya kisima cha mafuta iliyobandikwa ukutani, kisha anasema: hapa mchanga, hapa udongo wa mfinyanzi. Kifaa huteremshwa kisimani kwa waya, kikapima mionzi ya miamba, na mionzi ikachorwa mstari. Mstari ukikimbilia kulia, mwamba ni wa mfinyanzi, hauna kitu. Ukirudi kushoto, ni mchangamawe, na mafuta hukaa humo.

Kisha sukari ikamla macho. Namba ndogo zilimpotea kwanza. Mistari minene bado aliiona. Alimwambia mkewe peke yake, akamsihi, "Mama watoto, hili lifie hapa."

Halikufa. Mke alimnong'oneza kaka yake, ambaye Jicho mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini na kumfundisha kusoma mistari.

Siku ya kikao cha kuamua kisima kipya kitobolewe kwenye tabaka lipi, shemeji huyo alichapisha karatasi akageuza vipimo: namba ndogo kulia, kubwa kushoto. Mchanga ukaonekana mfinyanzi, mfinyanzi ukaonekana mchanga. Wenzake wawili walijua. Walikuwa wanaumauma midomo tangu asubuhi.

Jicho akasimama, akasoma kwa madaha. "Huku juu mfinyanzi mtupu, tusipoteze muda. Mchanga wetu uko chini."

"Kumbe?" mkuu wa idara akasema. "Hebu tusomee namba za vipimo hapo juu."

Jicho akainama hadi pua ikagusa karatasi.

"Leo Jicho limeingia mchanga!" mmoja akaropoka, na kicheko kikazunguka meza nzima.

"Shemeji," Jicho akauliza kwa sauti ndogo, "ni wewe umechapisha hii?"

"Mimi tena? Si ungevaa miwani, mzee."

Aliachishwa kazi wiki ile ile, kiti chake akapewa shemeji. Nyumbani alimuuliza mkewe kwa nini. Mke alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa.

"Wewe ulikuwa wa kuondoka tu. Kiti kingekwenda kwa mtu baki, ungefurahi?"

Kisima kilipotobolewa tabaka la juu kikatoa mafuta, kaka mtu alikuja kusherehekea kwa dada yake. Sebule ikajaa. Mke akamshika mumewe mkono, akampeleka chumbani taratibu.

"Kaa huku, baba watoto. Wageni hawapendi kuona unavyomwaga chai."

Akafunga mlango. Jicho akakaa kitandani, akamsikia shemeji akiwaeleza wageni namna mchangamawe unavyotambuliwa, kwa maneno yale yale aliyomfundisha yeye, nao wakipiga makofi.