Bango Aliloandika Sylus

Mabango mengi ya Voi yameandikwa na Sylus Mghanga: la kinyozi, la duka la dawa, hata lile la "Usikojoe Hapa" ambalo wanaume hulilowesha kila siku. Mkono wake ni mwepesi, ila kichwani neno moja hulitafuna juma zima. Mimi Susan ni jirani yake, na nauza viazi karai langoni pa bustani ya mji, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Sylus ana droni ndogo yenye kamera aliyoinunua mtumba kwa mpiga picha wa harusi. Si ya kazi. Kila Jumapili baada ya kanisa humsukuma mama yake, Mama Tryphena, kwenye kiti cha magurudumu hadi bustanini, maana mtaani kwetu ni nyaya za stima kila upande. Droni ikipanda, mama hushika simu akaitazama milima ya Mbololo alikozaliwa. Miguu haimfikishi huko tena. "Ile si njia ya kisimani?" huuliza. Sylus hujibu ndiyo, ingawa kwa umbali ule sidhani kisima kinaonekana. Lakini bibi yule huishi wiki nzima akiingoja robo saa ile.

Mwezi uliopita Lynn, karani wa bustani, alimpa Sylus kazi ya bango. Karatasi ilisema: KURUSHA DRONI KWA KUJIFURAHISHA NI MARUFUKU ISIPOKUWA ENEO LILILOTENGWA, TENA KWA KIBALI.

"Eneo lililotengwa ni lipi?" Sylus akauliza.

"Wewe andika tu, fundi. Litatengwa."

"Na kibali kinatoka wapi?"

"Hapo hata mimi sijui. Nimeletewa tu hii karatasi."

Mwingine angegoma. Sylus aliandika kwanza, kwa kuwa fundi wa mabango huandika alichopewa, kisha akaanza kuhangaika akikitafuta hicho kibali. Siku tatu nzima! Ofisi ya kwanza ilimwambia aulize watu wa wanyamapori, kwa vile Tsavo iko karibu. Hao wakasema mjini si kwao. Ofisi ya tatu ikamtuma kwenye kompyuta, nayo kompyuta ikamdai leseni ambayo hakuwahi kuisikia. Akarudi langoni kwangu amechoka.

"Susan, kumwonyesha mama kwao, huko ni kujifurahisha?"

"Niulize bei ya viazi," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, lakini si naye.

Jumapili wakaja kama kawaida. Bango lilikuwa limeshasimikwa kando ya benchi lao. Askari wa bustani, Musyimi, akawafuata taratibu.

"Kaka, leo hapana. Bango limekataza."

"Bango nimeliandika mimi, Musyimi."

"Najua. Na umeliandika vizuri, linasomeka mpaka barabarani."

Mama Tryphena akaomba asogezwe karibu. Akasoma neno kwa neno, bila hasira. Kisha akatueleza kwamba kwao Mbololo kulikuwa na fighi, msitu wa matambiko usioingiwa ovyo. Lakini msitu ule ulikuwa na wazee wake. Mwenye haja aliwaendea kwa heshima, akaomba, nao wakasikiliza.

"Katazo lina mwenyewe," akasema. "Nipelekeni kwake nikamwombe."

Tukatazamana. Musyimi akakuna shingo.

"Mwenyewe hayuko, mama," Sylus akasema. "Nimemtafuta siku tatu."

"Hayuko vipi? Nani ameandika hapa?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe."

Akaiweka simu mapajani, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa chake chenye mvi mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. "Mwanangu, nakuomba. Niruhusu nione kwetu."

Musyimi akatazama viatu vyake. Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Sylus alipiga magoti, akaishika ile mikono ya mama yake na kuitenganisha polepole.

"Siwezi, mama," akasema. "Na hata sijui ni kwa nini siwezi."